Mbwa wa Ndege Kwenye Duka la Soksi

Kwanza, usimkimbize. Mengine yote nitakayowaambia mnaweza kuyasahau mkifika kwenye lifti, lakini hili lishikeni: mtoto wa mbwa akikutoroka, usimkimbize. Yeye ana miguu minne na wewe una miwili, na mimi, kama mnavyojua ninyi mnaonipita asubuhi pale barabara ya Huanshi Zhonglu, nina mmoja na nusu.

Mmekuwa mkiuliza kwenye kundi letu la simu, hasa ninyi wanafunzi, imekuwaje mzee aliyekuja huku China, Guangzhou, kupumzika kwa binti yake anaonekana na mbwa mwenye masikio marefu anayemtii kuliko ninyi mnavyowatii walimu wenu. Mmoja wenu aliandika kwamba ni dawa. Nimemsamehe. Si dawa, ni kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja, na kwa kuwa mmeniomba niieleze, basi vumilieni, maana mzee akishapewa nafasi ya kusema hanyamazi upesi.

Nilikuwa mfundishaji wa mbwa wa ndege katika kambi ya uwindaji nje ya Arusha. Mbwa wa ndege si mbwa wa kulinda geti. Mwindaji akipiga kanga au kwale, ndege huangukia vichakani, mahali ambapo mtu angetafuta mpaka jioni. Mbwa anatumwa, ananusa, anampata, anambeba mdomoni bila kumtafuna na kumleta hadi mkononi mwa bwana wake. Kazi yote ni hiyo: aende akitumwa, atulie asipotumwa, alete, na asitafune. Hilo la kutotafuna tunaliita mdomo laini. Nilikuwa na mbwa mmoja aliyetoa yai bandani kwa kuku akalifikisha jikoni likiwa zima. Mke wangu alilikaanga bila kuuliza limefikaje, na mimi sikuona sababu ya kumharibia chai.

Aliyenifundisha ni Mzee Barnaba, mkuu wa mabanda, mtu mfupi mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mbwa walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Nilifika kwake nikiwa kijana, nimenyoosha shati, nikitegemea kupewa filimbi. Akaniambia nikae chini sakafuni na watoto wa mbwa. Nikakaa. Kesho yake, kaa. Mwezi mzima nilikaa chini nikipandwa, nikilambwa na kukojolewa. Nilimwambia nilikuja kufundisha mbwa, sikuja kuwa godoro. Akasema mtoto wa mbwa asipojua kwamba mapajani mwa mtu ndiko mahali pazuri kuliko pote, hana sababu ya kurudi na ndege wako. Nilimwona mzee mvivu. Ilinichukua miaka kadhaa kugundua nani alikuwa hajui.

Nirudi huku. Bi Lin ana duka la soksi katika moja ya yale majengo ya nguo ya mtaa wa Guangyuan Xilu, na anaishi ghorofa moja na sisi, mlango wa tatu kutoka wetu. Binti yangu Upendo ni mteja wake wa siku nyingi. Ninyi mliotoka Moshi, mkitazama miguuni mwenu sasa hivi, huenda soksi hizo zimepita mikononi mwa wanawake hawa wawili. Bi Lin alinunua mbwa mdogo wa kumfariji nyumbani, rangi ya chai ya maziwa, wa ile jamii ya spanieli yenye masikio yanayoingia kwenye bakuli la maji kabla ya mdomo. Akamwita Doudou, yaani maharage. Yeye aliona sura nzuri tu. Mimi nilipomwona akinusa mapazia nilijua babu zake walikuwa wenzangu kazini.

Upendo, ambaye hajaumbiwa kutunza siri, alishamwambia zamani kwamba baba yake alifundisha mbwa. Basi asubuhi moja Bi Lin akagonga mlango, Doudou kwapani, akaniambia kwa ile lugha yao ya sokoni: "Baba, wewe laoshi wa mbwa. Huyu akili meiyou."

Laoshi ni mwalimu, na meiyou ni hakuna. Nikamjibu kwamba akili anayo, ila anaitumia dhidi yake.

Sasa sikilizeni namna ya kuanza, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hafundishwi uwanjani. Uwanjani kuna vitu mia vizuri kuliko wewe. Mpeleke kwenye korido. Korido za majengo yetu huku ni zawadi kwa mtu wa kazi yangu: nyembamba, milango imefungwa, hakuna pa kwenda isipokuwa kule kitu kilikoangukia na kurudi ulipo wewe. Unakaa chini, goti likikuruhusu. Unarusha kitu kidogo laini, mita tatu hivi. Atakimbilia, atakiokota, kisha atatazama huku na huku na kukuta ulimwengu mzima umebaki wewe peke yako. Atakuja. Akija usimnyang'anye. Mwache ajivune nacho kidogo mapajani mwako, mkune kifuani, ndipo useme "toa" polepole huku unakipokea. Rusha mara tatu, basi. Dakika tano, funga shule, akiwa bado anataka. Mzee Barnaba alivaa saa iliyokufa kitambo, lakini dakika zake tano hazikuwahi kupita.

Na jambo moja kubwa, kubwa kuliko yote baada ya lile la kutomkimbiza: mbwa anayekuletea kitu hagombezwi. Hata akuletee kiatu cha mchungaji, unashukuru. Ukimgombeza mara moja tu akiwa analeta, umemfundisha kutoleta, na kazi yako imekwisha. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kule kambini kitu cha kwanza cha kumrushia mtoto wa mbwa kilikuwa soksi kuukuu iliyoviringwa. Ni laini, inaenea mdomoni, na haina uzito. Soksi ilikuwa kitu cha nadra, tulikuwa na moja kwa mabanda yote, tena ya bwana mkubwa. Kwa hiyo nilipoanza na Doudou, mikono yangu ilifanya ilichozoea. Nilichukua soksi, nikaiviringa, nikarusha. Siku kumi na nane nilimfundisha mbwa wa muuza soksi kwamba chini ya jua hakuna kitu chenye heshima kama soksi. Wala sikuhisi kasoro. Nilikuwa nafikiria filimbi, kumzoesha mapigo matatu mafupi ya kumwita.

Wiki ya tatu Bi Lin akamchukua kwenda naye dukani, amfunge chini ya meza. Nilikuwepo, nimemsindikiza Upendo kuchagua mzigo. Kamba ya Doudou ilikuwa ndefu kuliko ilivyodhaniwa. Nikahisi kitu kwenye goti langu lile lisiloumwa. Ni yeye, amekaa wima, mdomoni soksi ya kijivu bado ina karatasi yake.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nilimkuna kifuani, nikasema "toa", nikasema "hodari". Akaondoka kama aliyepandishwa cheo. Akarudi na ya bluu. Hodari. Ya mtoto, yenye sungura. Hodari. Upendo akaniambia kwa meno yaliyofungwa, "Baba, acha." Nikamweleza kwamba siwezi kuacha, nikimgombeza sasa nimemwua kikazi. Mteja mmoja Mkongo aliyekuwa anapima ubora wa soksi kwa kuzivuta aliweka mzigo chini na kuanza kupiga makofi, akisema, "Papa, huyu c'est un champion," yaani ni bingwa. Nikamwomba asiseme kwa sauti. Hakunisikia.

Bi Lin alipotoka kwenye simu, safu ya chini ya sampuli ilikuwa tupu na mimi nimezungukwa na soksi mpaka kwenye mapaja. Mbaya zaidi, kamba ilikuwa imefunguka wakati fulani katikati ya mashindano, na Doudou alikuwa amekusanya pia kwa majirani wawili wa kulia na mmoja wa kushoto. Wakaja wote. Soksi zenyewe zimetoka kiwanda kimoja, zinafanana, na kila mmoja akadai zile nzuri. Ugomvi wao sikuuelewa neno hata moja, lakini kidole kilichokuwa kinanielekea nilikielewa.

Jioni ile Bi Lin alikuja mlangoni kwetu, na safari hii hakuleta utani. Upendo akanitafsiria. Alisema kaka yake ana ghala nje ya mji, anahitaji mbwa wa kufunga getini. Atakuja baada ya wiki tatu. Ikiwa Doudou atakuwa bado anaiba soksi, atakwenda naye. "Kaka ana mnyororo tayari," Upendo akamalizia, akatazama pembeni, kwa sababu anajua.

Nanyi mjue, maana sikuanza kuandika ili niwachekeshe tu. Mwaka wangu wa nne kambini nilikabidhiwa mbwa jike wa miezi minne, Asali. Sijawahi kuona pua kama ile. Mzee Barnaba alisafiri kwenda kuzika, akaniambia nisimguse Asali kwa bunduki mpaka arudi. Wakaja wageni. Nikataka waone mimi ni nani. Nilimpeleka uwanjani, nikasimama naye, nikamwambia mwindaji apige. Akapiga juu ya kichwa chake. Asali alikimbia akaingia chini ya gari, na kwa ujinga wangu nikamfukuzia huko nikimvuta miguu. Kuanzia siku ile akisikia hata sufuria ikianguka alijikojolea. Hakuna anayefuga mbwa wa ndege anayeogopa bunduki. Walimtoa, akafungwa mnyororo kwenye geti la mashine ya kusaga. Nilipita hapo miaka sita nikienda kanisani. Kila nikipita alitikisa mkia. Mzee Barnaba hakunisema hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko angenichapa.

Kwa hiyo niliposikia neno mnyororo sikulala vizuri. Sikutaka mbwa wa pili.

Kosa la soksi halifutwi kwa kukataza, linafutwa kwa kumpa mbwa kitu anachokipenda zaidi. Nikaanza kutafuta kitu cha kurusha ambacho hakiuzwi Guangyuan Xilu wala kwenye masoko ya jirani ya Liuhua. Jaribuni, mtaona. Kiatu, kinauzwa. Kofia, mkoba, kitambaa, mdoli, mswaki, vyote vimejaa kwenye marobota. Nikamkumbuka Mzee Barnaba, aliyekuwa akifunga manyoya ya kanga kwenye kifuko cha mchanga ili mtoto wa mbwa aanze kumjua ndege. Manyoya! Mbwa wa ndege akinusa manyoya mara moja, soksi inakuwa soksi tu. Lakini kanga nampata wapi?

Nikiwa dukani, siku niliyokwenda kuomba radhi, nikaliona. Juu ya meza ya Bi Lin lilikuwa fagio la vumbi la manyoya ya jogoo, la kizamani, limejaa, kahawia linalong'aa. Aliniambia ni la mama yake. Nikang'oa manyoya mawili alipogeuka. Kesho yake manne. Kifuko changu, nilichokishona kwa mguu wa suruali yangu ya kaki na kujaza mchele, kikaanza kupendeza. Kufikia mwisho wa wiki fagio lilikuwa limebaki ufito na manyoya matatu, na hapo akili ikanirudia. Nikalificha nyuma ya marobota, mwisho kabisa wa duka. Bi Lin alipolitafuta, nilimsaidia kutafuta. Nilisogeza hata maboksi. Sijivunii, ila nataka mjue kwamba mzee pia hupotoka.

Doudou aliponusa kile kifuko kwenye korido alisimama, akatetemeka kuanzia puani hadi mkiani, akakibeba kama anabeba kitoto. Nikaviringa soksi nikaiweka kando ya kifuko. Akichukua soksi, sisemi kitu, naipokea tu, hakuna mkuno. Akichukua manyoya, sherehe. Hapo pia ndipo nilipokubali kushindwa na Upendo. Amekuwa akinionyesha kwenye simu walimu wa siku hizi, wanaofundisha kwa vipande vya nyama bila kukunja uso, na mimi nikisema hao wanafundisha mbwa kuwa wateja. Nilikataa siku nzima. Siku ya pili nikamwomba anichemshie kuku, nikadai ni wa kwangu. Enzi zetu wengine walitumia fimbo. Nawaambia bila aibu, kuku ana kasi kuliko fimbo.

Ikabaki kelele. Bunduki hapa hakuna, lakini Guangyuan Xilu kuna kitu kinachotisha vilevile: ule mkanda wa plastiki wa kufungia marobota. Ukivutwa unapasua masikio, na Doudou kila akiusikia alijikunja. Safari hii sikuwa na wageni wa kuwaonyesha chochote. Nilimpa chakula chake mwisho wa korido, Upendo akasimama mwisho wa pili akavuta mkanda mara moja, kidogo. Mbwa akainua kichwa, akarudi kwenye kuku. Kesho tukasogea mlango mmoja. Kesho yake mlango mwingine. Majirani wakaanza kutuaga wakidhani tunahama, na mmoja akamuuliza Upendo kama kabati letu linauzwa.

Siku ya kaka ikafika. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mnyororo ameukunja kwenye mfuko wa plastiki, amekuja nao dukani moja kwa moja. Nilikuwa na Doudou kwenye kamba, nimepanga kuonyesha kukaa na kutulia, mambo madogo ya heshima. Hata sijafungua mdomo, wapagazi wakaangusha robota zima nyuma yetu, na katika sekunde hiyohiyo jirani akavuta mkanda wake kwa nguvu zote. Mkanda peke yake angeuvumilia. Vyote viwili, hapana. Doudou akarudi kinyumenyume, kichwa kikachomoka kwenye ukosi, akapotelea kati ya miguu ya watu.

Bi Lin akakimbia. Upendo akakimbia. Kaka akakimbia akiita kwa Kichina, lugha ambayo mbwa yule hakuwa amefundishwa amri hata moja, maana mwalimu wake ni mimi. Na miguu yangu nayo ikataka kukimbia. Nililiona tena lile gari, na ile miguu ya Asali ninayoivuta.

"Simameni," nikasema. "Upendo, waambie wasimame wote. Wampe mgongo."

"Baba, atatoka barabarani."

"Akifukuzwa atatoka. Mpe mgongo, mwanangu."

Akawaambia. Sijui aliwaambia nini, lakini walisimama. Mimi nikakaa chini palepale sakafuni, katikati ya njia, wanunuzi wakinizunguka na mikokoteni yao, nikageukia ukutani na kupiga filimbi, mapigo matatu mafupi. Nikangoja. Nikapiga tena. Niseme ukweli, niliomba. Nilikuwa nimekaa kama nilivyokaa mwezi ule wa kwanza na Mzee Barnaba, godoro la mbwa, na hakukuwa na mbwa.

Kisha nikasikia kucha sakafuni.

Alikuwa amejificha mwisho kabisa wa duka, nyuma ya marobota. Ili atoke huko alilazimika kupita katikati ya soksi, kulia soksi, kushoto soksi, zinaning'inia mpaka usawa wa masikio yake. Hakugusa hata moja. Alikuja mkia chini, bado anatetemeka, akapanda mapajani mwangu, akakaa, akainua kichwa kunikabidhi kitu kizuri kuliko vyote alichokikuta mafichoni. Ufito wenye manyoya matatu.

Watu walikuwa wamegeuka. Bi Lin alikuwa amesimama juu yangu. Alitazama fagio la mama yake, akatazama kifuko cha manyoya kilichochungulia mfukoni mwangu, akatazama fagio tena.

Na mimi, wanangu, ningefanya nini? Mbwa anayekuletea kitu hagombezwi. Nilimkuna kifuani. "Toa," nikasema. Akatoa, taratibu, yale manyoya matatu yakiwa salama. "Hodari."

Kisha nikamnyooshea Bi Lin fagio lake, nikamwomba msamaha kwa Kiswahili chote nilichonacho. Kaka akauliza jambo. Bi Lin akamjibu kwa kirefu, kwa sauti kali, nami nikajua tumekwisha. Nikamuuliza Upendo anasema nini.

"Anasema aurudishe mnyororo kwenye mfuko," Upendo akasema. "Anasema mwizi si mbwa."

Nilitokwa na machozi. Upendo alidhani ni goti, akaniinua, nikamwacha adhani hivyo.

Kaka alitafutiwa mbwa mwingine, aliyezaliwa kwa kazi ya geti na anayeifurahia. Mnyororo aliuacha, na wapagazi huutumia kufungia mikokoteni. Doudou ana miezi tisa sasa, anakaa chini ya meza dukani bila kugusa sampuli, na asubuhi tunapita Huanshi Zhonglu, yeye kwenye kamba yake, kifuko chetu mfukoni. Mnaotaka kuanza na mbwa wenu, njooni koridoni kwetu, dakika tano, msilete soksi.

Nilimnunulia Bi Lin fagio jipya la manyoya ya jogoo. Amelitundika juu ya taa, mahali ambapo hatulifikii, si Doudou wala mimi.